Mtoto anachemka: kisa cha mdogo wangu Kigali, Oktoba 2024

Simu iliingia saa nne na dakika arobaini usiku, Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024. Nilikuwa Mwanza, nimetoka zamu ya jioni, hata viatu sijavua. Mdogo wangu hakunipa shikamoo wala hakuniuliza habari. Alisema tu, "Dada, mtoto anachemka." Nyuma yake nilimsikia mwanetu akilia kile kilio cha chini, cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia.

Mdogo wangu ni mhasibu. Anaishi Kigali, upande wa Kicukiro, na wakati huo alikuwa na mwaka mmoja na nusu huko. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni dereva wa lori la mizigo kati ya bandari ya Dar es Salaam na Kigali, kwa hiyo nusu ya mwezi yuko barabarani. Usiku ule alikuwa Dar anasubiri kupakia. Nyumbani walikuwa watatu: mdogo wangu, mtoto wake wa miaka 4, na binti wa Kinyarwanda wa miaka 22 anayemsaidia kazi za nyumba. Kipimajoto kilisoma 38.9.

Siku nyingine yoyote hilo lisingekuwa neno kubwa. Mtoto wa miaka 4 kupata homa ni jambo la kila mwezi. Lakini ilikuwa siku ya sita tangu Rwanda itangaze Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola na unaoweza kuua.

Ninakieleza kisa hiki chote kwa ruhusa yake, pamoja na pale tulipokosea, na kosa kubwa zaidi lilikuwa langu. Nimekutana na familia nyingi zenye mtu nje ya nchi, na ninaona hofu ikiwapeleka kulekule ilikotupeleka sisi.

Wiki ile ilivyokuwa

Ijumaa tarehe 27 Septemba Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kuwa kuna wagonjwa wa Marburg nchini humo, kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kufikia Jumapili tarehe 29 walikuwa wamethibitishwa watu 26, na 8 kati yao walikwisha fariki. Wengi wa wagonjwa walikuwa watumishi wa afya, hasa wa hospitali mbili za Kigali. Serikali ikazuia watu kwenda kuwatazama wagonjwa wodini, kila mgonjwa akaachiwa msaidizi mmoja. Wazazi wakasimamishwa kutembelea watoto katika shule za bweni. Mazishi ya aliyefariki kwa ugonjwa huo yakawekewa masharti: jeneza lisifunguliwe, na waombolezaji wasizidi 50.

Kwetu ukanda wa Ziwa jina la Marburg halikuwa geni. Tarehe 21 Machi 2023 serikali yetu ilitangaza ugonjwa huohuo katika Wilaya ya Bukoba, mkoani Kagera. Waliougua walikuwa 9, sita wakafa, na mlipuko ukatangazwa kumalizika tarehe 2 Juni. Mimi ni muuguzi. Miezi ile tulifundishwa kuvaa na kuvua mavazi ya kujikinga, na mpaka leo ninakumbuka kwamba kuvua ndiko kugumu, kwa sababu ndipo mkono uliochoka unapojisahau na kugusa uso.

Kwa hiyo Mama aliposikia redioni kwamba Marburg iko Kigali, hakuhitaji kuelezwa. Jumamosi asubuhi alimpigia mdogo wangu: "Mwanangu, chukua mtoto, panda basi, rudi nyumbani." Akampigia tena mchana, na usiku. Katika kundi letu la familia kwenye simu, sauti zilizotumwa siku ile zilikuwa nyingi kuliko za msiba. Binamu mmoja alituma picha ya mtu anayetoka damu machoni, picha ambayo sijui ilitoka nchi gani wala mwaka gani. Mjomba akatuma dua. Shangazi akauliza kama ugonjwa unapita kwenye hewa ya gari. Kila mmoja alikuwa anampenda, na kila mmoja alikuwa anamwongezea mzigo.

Yeye mchana alikuwa kazini anapiga hesabu za watu, usiku anasoma. Alisoma habari za Angola ya 2004 na 2005, ambako watu 252 waliugua na 227 wakafa. Alipata kile alichokitafuta, yaani asilimia 90, na akakibeba kifuani siku sita. Hakuna aliyemwambia kuwa namba ile ni ya Angola ya wakati ule, vita virefu vikiwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, wagonjwa wengi wakifika wodini wakati mambo yamekwisha haribika au wakifichwa nyumbani, na dawa yoyote ya kujaribu haipo. Kirusi kilekile huua wengi mahali pamoja na wachache mahali pengine, kutegemea mgonjwa ameonekana mapema kiasi gani na amepata maji ya mshipa, oksijeni na uangalizi wa namna gani. Ningeweza kumweleza hayo kwa dakika tano. Nilidhani anayajua kwa kuwa mimi ninayajua.

Binti wa nyumbani

Hapa ndipo kisa kilipokaza.

Jumamosi tarehe 21 Septemba, kabla ya tangazo lolote, mdogo wangu, mtoto na yule binti walikwenda Nyamata, wilaya ya Bugesera, kwa wazazi wa binti. Walilala huko usiku mmoja. Jumapili walirudi Kigali, na jioni binti akapitia hospitali moja mjini kumwona shangazi yake aliyevunjika mguu. Alikaa naye kama saa moja, akamlisha, akamfunga kanga, akarudi.

Tangazo lilipotoka, mdogo wangu akaikumbuka ile hospitali. Hakujua kama ni mojawapo ya zile mbili. Tangu Ijumaa ile akaanza kumtazama binti kwa jicho jingine. Alimtengea kikombe. Alimkataza kumbeba mtoto. Mtoto alizoea kulala mgongoni kwake wakati anafagia, akawa analia kwa nini habebwi, na binti analia jikoni kwa nini haambiwi alichokosa. Mtoto aliposhikwa na homa usiku wa Alhamisi, sentensi ya pili ya mdogo wangu kwangu ilikuwa, "Ni huyu. Kesho alfajiri namrudisha kwao."

Ninataka tulitazame hilo kwa utaratibu, kwa sababu jibu la kisa kizima lilikuwa humo na hatukuliona.

Marburg haiendi kwa hewa kama mafua. Inapita kwa kugusa damu, matapishi, jasho, mate na majimaji mengine ya mtu anayeumwa au aliyekufa nayo, au nguo na matandiko yaliyochafuliwa nayo. Chanzo chake porini ni popo wa mapangoni wanaokula matunda. Na jambo la kushika kwa mikono miwili ni hili: mtu aliyeambukizwa lakini hajaanza kuumwa haambukizi mwingine. Dalili huanza kati ya siku 2 na 21 tangu mtu aguswe na kirusi.

Sasa tuhesabu. Binti alikwenda hospitali tarehe 22 Septemba. Usiku wa tarehe 3 Oktoba zilikuwa zimepita siku 11, na alikuwa mzima kabisa: hana homa, hajaumwa kichwa, anakula, anafua. Tuseme hata kama angekuwa ameipata kule wodini, jambo ambalo lenyewe lilikuwa na uwezekano mdogo sana, bado asingeweza kumpa mtoto kitu ambacho mwilini mwake hakijaanza kujionyesha. Mtoto mwenyewe hakufika hospitali, hakukanyaga msibani, hakumgusa mgonjwa. Homa ile ilikuwa na kila sababu ya kutoka mahali pengine.

Na tuangalie upande wa pili. Kama binti angekuwa kweli amegusana na mgonjwa, kumpandisha gari alfajiri kwenda Nyamata kungekuwa kumpeleka kwa wazazi wake na wadogo zake watano, mbali na watu ambao wangemfuatilia. Kwa namna yoyote unayoitazama, kumfukuza kulikuwa kosa. Lakini hofu ilitaka mtu wa kumshika, na ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu dhaifu kuliko yeye.

Nilimwambia asimfukuze. Hilo nililiweza.

Kosa langu

Nilimuuliza maswali ya kiuguzi. Ametapika? Mara moja. Anakunywa? Kidogo. Shingo imekakamaa? Hapana. Amepata degedege? Hapana. Ameharisha? Hapana. Ilikuwa saa tano kasoro. Palepale nilitakiwa kusema neno moja: mpeleke akapimwe malaria.

Yeye akaniwahi. "Dada, hospitali siendi. Huko ndiko waliko." Alikuwa na hoja. Wagonjwa wengi walikuwa watumishi wa afya, na mtu akisikia hivyo anaona hospitali kama nyumba inayoungua. Akaongeza jambo ambalo lilikuwa limemkaa zaidi: yeye ni mgeni. Kinyarwanda chake ni cha sokoni. Akifika na mtoto mwenye homa watamtenga, watamchukua mtoto chumba kimoja na yeye kingine, mume yuko Dar, na hakuna ndugu wa kusimama mlangoni na kusema huyu ni wetu. "Nani atamshika mwanangu?" aliuliza, akaanza kulia.

Na mimi, muuguzi, niliyeona watoto wakiletwa wamechelewa, nikaogopa pamoja naye. Nikasema, "Mpe parasetamo, mkande kwa maji ya uvuguvugu, tungoje kukuche."

Sikulala. Saa nane usiku joto lilikuwa 39.6. Saa kumi mtoto alikataa maji. Mdogo wangu alinitumia picha yake: amelala upande, midomo imekauka, macho nusu wazi, kifua kimefunguliwa vifungo, na karibu na kichwa kile kikombe cha njano kimejaa hadi juu. Nimekuwa nikiiona picha hiyo tangu siku ile. Mtoto mwenye homa anayekataa kunywa ni dalili ya hatari, tunawafundisha akina mama kliniki kila wiki. Nilikuwa ninaiona kwenye simu, kilomita mamia kutoka pale, baada ya kuwa mimi mwenyewe nimesema wasubiri.

Malaria haisubiri mlipuko mwingine upite. Afrika Magharibi, wakati wa Ebola ya 2014 hadi 2016, zaidi ya watu 11,000 walikufa kwa Ebola yenyewe, lakini wapo wengine wengi, hasa watoto, waliokufa kwa malaria na magonjwa ya kawaida kwa sababu vituo vilifungwa au watu waliviogopa. Hayo niliyajua. Niliyasoma, nikafanyia mtihani. Usiku ule hayakunisaidia kitu kwa kuwa nilikuwa dada kwanza.

Alfajiri

Aliyetuokoa ni yule binti.

Alikuwa amesikia kila kitu kupitia ukuta. Saa kumi na moja na nusu alifungua mlango, akavuka nyumba tatu, akamgongea mama mmoja ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Rwanda ina wahudumu hawa kila kijiji na kila mtaa, wanaochaguliwa na majirani zao, na wanaruhusiwa kupima malaria nyumbani kwa kipimo cha haraka na kutoa dawa. Mdogo wangu alikuwa amepishana na mama yule mwaka mzima njiani, wakisalimiana, bila kujua kazi yake.

Alifika na begi lake. Hakuingia moja kwa moja. Alisimama mlangoni, akaanza kuuliza, binti akitafsiri: homa imeanza lini, nani mwingine anaumwa, kuna aliyekwenda hospitali, kuna aliyehudhuria mazishi, kuna aliyemwuguza mgonjwa. Binti akajibu mwenyewe kwamba yeye alikwenda hospitali tarehe 22. Akataja hospitali, wodi na kitanda cha shangazi yake. Mama yule akatulia, akahesabu kwa vidole, akamuuliza kama ameumwa chochote tangu siku hiyo. Hapana. Akamwambia jambo ambalo mdogo wangu alinirudia baadaye neno kwa neno: ukihisi homa kabla ya tarehe 13 usiende popote, piga 114, niite na mimi. 114 ni namba ya simu ya Wizara ya Afya ya Rwanda.

Kisha akavaa glavu, akaingia. Akasema "afite umuriro", ana homa. Mdogo wangu alilijua neno umuriro kwa maana ya umeme na moto wa jikoni. Alfajiri ile ndipo alipojua kuwa ndilo neno la homa pia. Kidole kikatobolewa, tone la damu likawekwa kwenye kile kipande cha plastiki, dawa ya maji ikadondoshwa. Dakika kumi na tano. Mistari miwili.

Malaria. Huenda ilimpata Bugesera, penye mabwawa na mbu wengi, walikolala siku 12 nyuma. Huenda ni palepale Kigali.

Kwa kuwa mtoto alikuwa hanywi, mama yule hakumpa vidonge. Aliandika karatasi ya rufaa na kuwapeleka mwenyewe kituo cha afya. Getini walipimwa joto, wakanawa, wakaulizwa maswali yaleyale, wakakalishwa kwenye benchi lililo mbali na wengine. Ile hofu ya kutengwa ilikuwa benchi hilo, na ilidumu kama nusu saa. Muuguzi wa zamu, akiwa amevaa barakoa na miwani ya kujikinga, alisoma karatasi, akamchukua mtoto, na mama akaingia naye. Sindano ya kwanza ya artesunate, dawa ya malaria kali, ilichomwa kabla ya saa mbili asubuhi. Ya pili jioni, ya tatu Jumamosi asubuhi. Jumamosi mchana mtoto alikuwa amekaa kitandani anadai simu ya mama yake. Wakarudi nyumbani na dawa mseto ya siku tatu.

Na ile safari ya basi?

Ninarudi kwa Mama, kwa sababu ombi lake ndilo ombi ambalo kila mzazi mwenye mtoto nje hulitoa, na halipaswi kudharauliwa. Nyumbani kuna mikono mingi. Nyumbani unajua daktari ni yupi na mlango ni upi.

Lakini fuatilia ile safari. Kama mdogo wangu angetii Alhamisi jioni, angekuwa stendi ya mabasi ya Nyabugogo Ijumaa alfajiri na mtoto mwenye joto la 39. Njia ya kwetu inapita mpaka wa Rusumo. Katika wiki ile watu waliokuwa wakitoka Rwanda walikuwa wakipimwa joto. Angesimamishwa mpakani, kati ya nchi mbili, mtoto akiwa hajapimwa wala hajatibiwa, na hakuna jirani wa kumgongea mlango. Karantini aliyoiogopa Kigali angeikuta huko, tena ya kweli. Au angepita, na malaria ingemkaba mtoto ndani ya basi.

Tarehe 2 Oktoba, siku moja kabla ya simu ile, mwanafunzi wa udaktari aliyetoka Rwanda alipata dalili akiwa ndani ya treni Ujerumani. Alikuwa amefanya kazi hospitalini Rwanda, akapiga simu mwenyewe kujitaarifu. Pale Hamburg jukwaa la stesheni lilifungwa, wazimamoto wakaja na mavazi kamili. Vipimo vikaonyesha hana Marburg. Alifanya sawasawa kabisa, ninamheshimu kwa hilo. Ila ona jinsi homa ya kawaida inavyogeuka kuwa kitu kingine ukiwa safarini. Mtu aliyekwisha kuwa na homa, au aliyegusana na mgonjwa na siku zake 21 hazijaisha, hapaswi kusafiri, na wazazi wake hawapaswi kumwita.

Aliyekuwa mzima na hana mgusano wowote angeweza kurudi nyumbani, na hakuna ambaye angemlaumu. Mdogo wangu angeweza kuja tarehe 28. Aliamua kubaki kwa sababu ya kazi na kwa sababu mumewe angempita njiani. Uamuzi wake ulikuwa sawa. Kilichokosekana ni maandalizi ya kubaki: hakujua kituo cha afya kilicho karibu, hakuwa na namba 114 kwenye simu, hakuwa amejiandikisha ubalozini, hakumjua mama wa nyumba ya nne. Siku sita alizipoteza kwenye Angola.

Hilo la mwisho ninalipa uzito kuliko mengine. Anayeishi nje huwa anafuatilia mlipuko kwa kipimo cha nchi nzima: wangapi wameugua, wangapi wamekufa, Marekani imesema nini. Hizo ni habari, na ni vizuri kuzijua. Ila hazikwambii chochote kuhusu chumba ulichomo. Maswali ya yule mama mlangoni yalikuwa ya chumba. Nani anaumwa, nani amemgusa, tarehe ngapi. Kwa maswali matano na vidole vya mkono mmoja alifanya kazi ambayo sisi ndugu kumi na nne kwenye kundi la simu tulishindwa kuifanya kwa siku sita.

Baada ya hapo

Jumapili tarehe 6 Oktoba Rwanda ilianza kuchanja watumishi wa afya na watu wengine waliokuwa hatarini, kwa chanjo ya majaribio, dozi 700 za kwanza. Wagonjwa walipewa remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, na kingamwili za maabara. Wawili waliokuwa wakipumua kwa mashine walitolewa kwenye mashine na kupona, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwa wagonjwa wa Marburg barani Afrika. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 20 Desemba 2024, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya. Jumla walikuwa wagonjwa 66 na vifo 15. Ninapoweka 15 kati ya 66 karibu na 227 kati ya 252, huwa ninawafikiria wauguzi wenzangu wa Kigali, walioendelea kuingia wodini wakati wenzao wanazikwa.

Tarehe 13 Oktoba siku 21 za binti ziliisha. Mdogo wangu alimwomba radhi siku ileile mtoto aliporudi nyumbani, hakungoja tarehe. Alichukua kile kikombe alichomtengea, akakirudisha kabatini mbele yake. Sikuwepo, nilisimuliwa. Binti hakusema kitu, alimwinamia mtoto, akampandisha mgongoni, akaenda naye uani. Bado yuko nao, na mshahara wake umepanda.

Mimi na mdogo wangu tulizungumza juu ya usiku ule mara moja tu. Nilimwambia nilikosea kusema wasubiri. Alisema, "Dada, ulikuwa unaogopa." Nikasema ndiyo. Tangu hapo tumekubaliana kwamba mtoto akiumwa, mimi ni mama mkubwa tu. Uamuzi unabaki kwa aliye naye chumbani na mhudumu anayeweza kumgusa. Katika kundi la familia, habari za ugonjwa wowote zinatumwa na mtu mmoja, mara moja kwa siku, zikitoka wizarani. Mama alilalamika wiki ya kwanza. Sasa ndiye anayewakemea wanaovunja.

Halafu Januari 2025 ikafika zamu yetu. Tarehe 20 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza, akiwa Dodoma, kwamba Marburg imethibitishwa Biharamulo, Kagera tena. Mlipuko ule ulikuja kuhesabiwa watu 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Jioni hiyohiyo simu ikaita kutoka Kigali.

"Shikamoo dada. Kuna wa kwetu aliyetoka Biharamulo wiki tatu hizi?"

Nikamwambia mjomba alikwenda kununua ng'ombe, akarudi tarehe 9.

"Alilala kwa nani? Kulikuwa na mgonjwa? Alimwuguza? Alizika?"

Alilala kwa rafiki yake, na mke wa rafiki alikuwa na homa. Alitibiwa malaria akapona. Mjomba hakumgusa, na alikuwa mzima. Nilikuwa nimekwisha kumwambia mjomba kwamba akihisi chochote asitoke, anipigie. Kimya kidogo. Nilijua anahesabu.

"Tarehe 30," alisema. "Nitampigia kila asubuhi mpaka tarehe 30."

Akampigia kila asubuhi, saa moja kamili, kabla hajaenda kazini. Mjomba alizoea, akawa anakaa na simu kibarazani kuisubiri. Tarehe 31 alimpigia pia.